Kiapo cha Mwenye Haya

Siku ya harusi yetu bwana harusi alikutwa chini ya behewa la mchele. Kanzu yake mpya ilikuwa imeshika mafuta meusi toka begani mpaka pindoni, kofia ameikumbatia kifuani, na akiitwa haitiki. Barazani kwa baba yangu wanaume walikuwa wameshajaa mikekani. Kahawa ilikuwa imepita, ubani unafuka, na Mwalimu Bulaimu, aliyekuja kutufungisha ndoa, alisafisha koo kila mara na kuuliza kwa upole bwana mwenyewe yuko wapi. Kwetu ndoa haifungwi mpaka mwanamume aseme kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, kwamba amekubali. Hapo ndipo Sumaili alipotoroka.

Mimi nilikuwa chumbani, hina bado mbichi miguuni. Ukuta wa fito na udongo hauzuii maneno, kwa hiyo nilisikia yote. Shangazi yangu mmoja, ambaye hajapata kukaa na habari mbaya bila kuigawa, aliniinamia sikioni: "Jamila, mume amekukimbia." Nilimwambia atume mtu gare, stesheni ya reli, akachungulie chini ya mabehewa. Alinitazama kama nimerukwa na akili, lakini akatuma.

Nilijua aliko kwa sababu huko ndiko nilikompata. Reli ilitoka kusini ikafia hapa Kindu, na kuanzia hapa mizigo iliteremka Lualaba kwa meli, ndiyo maana yadi ya gare haikukosa mabehewa yaliyosimama yakingoja. Kazi ya Sumaili ilikuwa kuyapaka mafuta magurudumu. Wenzake waliomba kazi za ghalani au za ofisini, mahali penye kivuli na kiti. Yeye aliomba ile ya kulala chali chini ya chuma, mahali ambapo anayetaka kukusemesha lazima apige magoti kwanza, na watu wengi hawapendi kupiga magoti kwenye kokoto.

Sisi wasichana tulivuka reli kila asubuhi kwenda mtoni kufua, na siku moja tukasikia kasida inatoka chini ya behewa. Sauti ilikuwa nyembamba mwanzoni, halafu ikajaa, ikapanda bila kukwaruza popote. Wenzangu walitupa ndoo wakakimbia wakisema ni jini la reli. Mimi mama yangu alizoea kusema nimezaliwa na shingo ya kuchungulia. Niliinama, nikaona nyayo mbili, kopo la mafuta, na macho yaliyoniangalia kwa hofu kubwa kuliko ile waliyokuwa nayo wenzangu. Akanyamaza.

"Endelea," nikamwambia.

Hakuendelea. Basi nikageuka nikampa mgongo. "Sikuangalii. Endelea."

Akaendelea. Ndivyo tulivyochumbiana, mimi nimempa mgongo, yeye anaimba, mpaka nguo za watu zikachelewa kufuliwa na mama akaanza kuuliza maswali.

Mtaani kwetu, mtaa wa Waungwana, Sumaili alijulikana kwa jambo moja: haya. Akiwaona wazee wanakuja alihamia upande wa pili wa njia. Penye wageni hakula. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja shingo ilimvimba, jasho likamtoka, na maneno yakarudi yalikotoka. Na kwa watu wetu haya si maradhi, ni pambo. Kina mama walimwonyesha kwa vidole wakawaambia wana wao, tazameni mtoto wa kiungwana, hatazami mtu usoni. Walisema mwenye haya ana imani. Mtu akikohoa atachemshiwa majani, akiumwa jino litang'olewa, lakini huyu aliyekuwa anakufa kwa hofu kila siku ya Mungu alisifiwa. Hakuna aliyemwuliza, Sumaili, wapi panakuuma?

Aliyemtoa chini ya behewa siku ile alikuwa Matata, mpiga kasia wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Matata alikuwa mtu wa maneno mengi asiyehitaji kujibiwa, na kwa sababu hiyo Sumaili alimpenda. Kule ng'ambo wapiga kasia walivuta bangi kama walivyovuta baba zao, ingawa serikali ilikataza, na aliyekamatwa nayo alikula fimbo na kulala jela. Matata hakuwa na habari. Alivuta jioni baada ya kazi, akacheka, akala, akalala. Aliingia chini ya behewa na msokoto wake, akamwambia Sumaili, vuta, ndugu yangu, watu watakuwa wadogo.

Wakawa wadogo. Nilimsikia kutoka chumbani akisema "Nimekubali" kwa sauti iliyonyooka kiasi kwamba nilidhani amekuja mtu mwingine kunioa. Wanawake walipiga vigelegele. Jioni, tulipoachwa wawili, bangi ilikuwa imemwisha, akakaa ukingoni mwa kitanda akiukabili ukuta.

"Miye minaogopa watu," akasema. Ilimchukua muda. "Tangu mutoto. Wakiniangalia, iko sawa na wamenivua nguo."

"Na miye?"

Akageuka polepole. Alianza, akakwama, akaanza tena. "Weye hauko watu. Weye njo Jamila."

Wenzangu wameolewa kwa mikufu na kanga za pwani. Mimi nilipewa maneno hayo, kwamba mimi si watu, ndimi Jamila, na nilitembea nayo kichwa juu. Alipozungumza nami alikwama kila mahali. Sentensi aliianza mara mbili na tatu, akaiacha, akaiokota siku ya pili. Nilijifunza kungoja. Nikisikia mwanamke jirani analalamika kuwa mume wake hasemi, nilicheka moyoni, maana wangu alisema, tena kwangu tu.

Tukapata binti, Safi. Tukaishi vizuri, na ningekuwa mtu wa kusimulia hadithi nyingine kabisa kama Mwalimu Bulaimu asingepita nyuma ya ua wetu asubuhi ile.

Mwalimu macho yalikuwa yameanza ukungu. Miaka yote yeye ndiye aliyetusomea maulidi, na sasa kitabu kilimkataa. Alipita njiani akiongozwa na fimbo yake, na Sumaili alikuwa uani akimbembeleza Safi kwa kasida ileile ya chini ya behewa. Mwalimu alisimama mpaka ikaisha. Kisha akapiga hodi na kusema kwamba Mungu amemjibu. Sumaili ndiye atakayesoma maulidi ya Mfungo Sita mwaka huo, mbele ya mtaa mzima na wageni wa Kasongo.

Asiyekuwa wa kwetu atauliza kwa nini hakukataa. Mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha alifu ya kwanza. Kumkataa mwalimu wako ni kuikataa radhi yake, na mtu asiye na radhi hajengi. Sumaili aliinamisha kichwa, na Mwalimu, ambaye hakuona vizuri, alipapasa uso wake akakuta jasho. Akafurahi. "Haya," akasema, "haya tupu."

Wazungu wa serikali hawakupenda sisi tukusanyike jua likishazama, kwa hiyo maulidi yalisomwa baada ya alasiri, na ruhusa ilikuwa imeombwa siku nyingi. Sumaili alikuwa amevuka na mtumbwi wa Matata tangu mchana. Alirudi ametulia, akaketi mbele ya watu wote, akafungua kinywa. Nimesikia wasomaji wengi tangu hapo, na wengine wamesoma Unguja. Sijasikia mwingine aliyewafanya wazee wasahau kikombe mkononi. Watu walipoinuka kwa kisimamo wengi walikuwa wanalia, nami nililia nyuma ya ua wa matete na wanawake wenzangu, kwa fahari na kwa woga, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kasida zile zilipitia Alunguli.

Baadaye Mwalimu alimshika kidevu akamsogeza karibu kabisa na macho yake mabovu. Akaona wekundu. Akawageukia watu akasema, tazameni macho ya mtu anayekesha katika ibada. Watu wakatikisa vichwa. Mimi niliyelala pembeni yake nilijua kwamba Sumaili hakukesha hata chembe. Alilala kama gogo na kukoroma kama meli ya mto inayotafuta gati. Lakini nani aseme? Neno la Mwalimu lilipita mtaani, likavuka mto, na tangu siku ile kila wekundu wa macho yake ulihesabiwa kuwa thawabu.

Wakamwita kila mahali. Khitima, akika, harusi, matanga, hata kuombea mvua isimame reli isikatike. Kadiri alivyosoma ndivyo walivyomtaka, na kila mwito ulikuwa na moshi wake. Kwanza alivuta siku ya kusoma. Halafu siku ya Ijumaa, maana msikitini watu walimzunguka kumpa mkono. Halafu kabla ya sokoni. Halafu kabla ya kazi, kwa sababu nyapara wa yadi alikuwa amesikia sifa zake na sasa alipenda kumsemesha. Ndani ya ua wetu, nyuma ya jiko, palianza kunuka.

Matata mwenyewe aliingiwa na wasiwasi. Alikuja nyumbani siku moja na kambale wawili, akakaa kwenye kinu changu, akamtazama rafiki yake akivuta.

"Weye unavuta sawa na muntu anakunywa dawa," akamwambia. "Ndugu, hii haiko dawa. Miye navuta juu ya raha. Weye unaogopa nini tena? Watu wote wanakupenda."

"Njo ile," Sumaili akajibu. "Wananipenda. Wananiangalia."

Matata alikuna kichwa. Hakuelewa, na sikumlaumu. Mimi nilielewa nusu tu. Niliona kwamba hofu haikupungua. Zamani alikuwa anaogopa watu waliosimama mbele yake, na sasa aliogopa hata waliopita mbali. Wanawake wakicheka kisimani alisimama akasikiliza, akauliza wamesema nini juu yake. Akiamka asubuhi, kabla hajavuta, mikono ilimtetemeka kuliko ilivyotetemeka siku ya harusi. Moshi ulimpa saa chache za kuwa mtu, kisha ulimrudisha nyuma ya pale alipoanzia. Alijua. Aliniambia mwenyewe, kwa kukwama kwake, na nilishukuru kwamba angalau kwangu bado alikwama.

Kisha siku moja ya mvua Safi alishikwa na homa. Nilitaka tumpeleke kwa mama yangu, aliyekuwa amehamia mji wa Kailo, na nilikuwa nimekasirika kidogo kama mama yeyote aliyekesha na mtoto. Nilimwambia, "Sumaili, kaa hapa tuseme." Alinitazama. Shingo ikamvimba. Nilikuwa sijawahi kuiona shingo ile ikivimba kwa ajili yangu.

"Ngoja," akasema, akatoka.

Nilimsikia nyuma ya jiko. Nikasikia kikohozi, nikasikia harufu. Aliporudi aliketi mbele yangu akazungumza. Aliipanga safari ya Kailo vizuri, nani atatupakia, tutalala wapi, akaniuliza hali ya mtoto, akanipa pole. Hakukwama hata neno moja. Nilimsikiliza mpaka mwisho nikiwa nimemshika Safi, na machozi yakanitoka yenyewe, kwa sababu nilitambua kwamba na mimi sasa nimekuwa watu.

Aliyaona machozi. Hakuuliza ya nini, kwa hiyo alijua. Safi alipona, safari haikuwapo, na asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, kabla hajavuta, alisimama mlangoni ameshika kizingiti.

"Jamila. Nenda kwa Mwalimu. Sema yote." Akakwama, akaanza tena. "Miye siwezi kumwambia. Sema weye. Ani... anitoe pale mbele. Nikitoka pale mbele, nitaacha."

Hakuwahi kuomba kitu kwa mtu yeyote. Nilijifunga kanga yangu nzuri nikaenda siku hiyohiyo.

Mwalimu Bulaimu alinipokea uani kwake, kwenye mkeka. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mwema, na kama angekuwa mbaya mambo yasingekwenda yalivyokwenda. Nilimwambia kwamba macho yale si ya kukesha. Nilimwambia ni bangi. Aliivuta tasbihi, na nikaona chozi linateremka katika ndevu.

"Juu ya nini anafanya vile?" akauliza. "Mutoto wa haya vile?"

"Ni hiyo munayoita haya, Mwalimu. Si haya. Ni ugonjwa. Anaogopa watu mpaka roho inataka kutoka. Moshi njo unamupa sauti."

"Muntu mwenye sauti ile hawezi ogopa watu, binti yangu."

"Basi muache asome ndani, nyuma ya pazia. Watu wasikie tu. Wasimuangalie."

Hapo alicheka, kwa huruma lakini alicheka. "Mwanaume asome nyuma ya pazia sawa na mwari? Watu watasema nini?" Akaniwekea mkono kichwani. "Nimeelewa. Shetani amemukamata kwa mlango wa hofu. Na dawa ya moto ni moto. Ataapa. Ijumaa, baada ya sala, hapa uani, Musahafu mukononi, mbele ya wote. Akiisha kuapa mbele ya watu, hataogopa watu tena, na bangi haitamugusa."

Kwetu kiapo cha Msahafu si mchezo. Mtu akiapa uongo kiapo kinamla, kinaanza na tumbo lake na kumalizia na kizazi chake, na kila mtu mtaani ana jina la jamaa aliyeliwa. Mwalimu alikuwa anatoa dawa kali kuliko zote alizokuwa nazo, na alikuwa anaitoa kwa mapenzi. Nilimwambia kwamba Sumaili ameomba aondolewe mbele ya watu, si asogezwe mbele zaidi. Akanijibu kwamba mgonjwa hachagui dawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha. Tuliyatoa nje tukayaonyesha kwa mtu tuliyemwamini kuliko wote, naye akasema tuite watu zaidi waje kuyaona.

Nilipomwambia Sumaili alitoka na kifurushi. Alikwenda mtoni akarudi mikono mitupu, na nilipochungulia nyuma ya jiko niliona kwamba ameondoa kila kitu. Basi tukaanza. Siku zile hakuvuta. Alitoka jasho mpaka mkeka ukalowa, chakula kilimtapisha, na mlango ukigongwa alijikunja ukutani. Lakini alikuwa amerudi. Alikwama, jamani, alikwama kila neno, na mimi nilikuwa nawasha moto huku naimba. Nilimfanyisha mazoezi ya kiapo. Nilimpa mgongo, nikasema sikuangalii, naye akakisoma chote, Wallahi, Billahi, Tallahi, mpaka mwisho, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe. Nikaamini. Naomba mtu anielewe hapo. Niliamini kabisa kwamba Ijumaa atasimama, atakwama, atalia, watu watamwona jinsi alivyo, na atakuwa ameokoka.

Ijumaa aliondoka nyumbani mikono inatetemeka, na mimi niliifurahia mitetemeko ile. Nilimbeba Safi mgongoni nikaenda nyuma ya ua wa matete kwa Mwalimu, pamoja na wanawake. Sala iliisha. Uani palijaa mpaka watu wakasimama kwenye mashina ya migomba, maana habari ilikuwa imetembea kwamba msomaji wetu ataapa, na wengi hawakujua hasa ataapia nini. Mwalimu alikaa katikati na Msahafu katika kitambaa cheupe. Sumaili hakuonekana. Mwalimu akasafisha koo. Tukangoja.

Akaja. Alipita katikati ya watu bila kuinamisha kichwa, akisalimia kulia na kushoto. Mwanamke mmoja karibu yangu akasema, ona anavyotembea. Mimi niliona, nikajua amepitia Alunguli.

Aliupokea Msahafu kwa mikono iliyotulia. Akaapa. Aliwaeleza watu kwamba ameanguka katika moshi, akaomba radhi, akamtaja Mungu kwa matamko yote matatu ya kiapo, akasema hatagusa bangi mpaka siku ya kufa kwake. Hakukwama popote. Sauti ile, ambayo niliipata chini ya behewa, ilijaa uani ikapita juu ya migomba, na wanaume wazima walijifuta macho kwa mikono ya kanzu. Mwalimu alimkumbatia. Wanawake walipiga vigelegele, na jirani yangu akanipiga bega, piga na wewe, mumeo amepona. Niligeuka nikamfunga Safi vizuri mgongoni.

Nyumbani alikaa kwenye kinu. Nilimpakulia chakula, hakukigusa. Nilingoja imwishe, kwa sababu sikutaka kusema na yule mwingine. Jua lilikuwa limeshagusa majani ya michikichi ndipo shingo ilipoanza kumvimba.

"Nilifika mpaka kwa mlango," akasema. "Nikasikia watu. Miguu ilikataa. Nikarudi kwa Matata." Alikwama muda mrefu sana. "Nisingeweza kuapa bila ile."

"Najua."

"Sasa hakuna tena muntu wa kuambia, Jamila. Wote wanajua nimepona."

Nilimshika mkono. Hakuna jingine la kufanya, na mpaka leo silioni. Tungemwendea nani? Tungesema nini, kwamba ameapa uongo juu ya Msahafu akiwa amelewa bangi ileile aliyoapa kuiacha? Mwalimu angekufa kwa kihoro. Na Sumaili mwenyewe aliamini kiapo kuliko sote. Alijua kimeshaanza kumla, na mtu anayeliwa haoni sababu ya kuacha kitu chochote. Tangu siku hiyo alivuta kwa utulivu, kama anayengoja gari moshi ambalo saa yake anaijua. Alisoma maulidi mengine mawili. Watu walisema sauti imezidi kuwa nzuri tangu atubu.

Alikufa mchana kweupe, mwanzo wa masika, chini ya mabehewa. Kichwa cha gari moshi kilirudi nyuma kuyaunga, kengele ikapigwa, wenzake wakapiga kelele, naye hakutoka. Walisema hakusikia. Matata alikuja kunieleza akashindwa, yeye asiyewahi kukosa neno. Mazikoni walijaa watu ambao Sumaili asingeweza kusimama mbele yao hata kwa nusu saa, na Mwalimu Bulaimu, akiwa kipofu kabisa sasa, alisema huyu amechukuliwa akimkumbuka Mola wake. Mtaa mzima ukaitikia amina.

Nilipotoka eda, Zawadi alinijia. Ni mwanamke wa mtaa wa pili, mpole, aliyeolewa na Kalume, mpimaji wa mchele ghalani. Alinong'ona kwamba Kalume siku hizi anavuta. Alianza alipopewa kazi ya kuwaita watu majina yao asubuhi kwenye mstari, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa mtu wa aibu sana, hata kwao walimtania. Wazee wameamua aape Ijumaa, kwa Mwalimu.

"Nimekuja kuuliza, mama. Ni kweli kiapo kilimuponyesha marehemu?"

Maiti husitiriwa. Ndivyo tulivyofundishwa, na aliyefariki hana kinywa cha kujitetea. Lakini nilimtazama yule binti, na kanga yake nzuri aliyojifunga kwa ajili ya kuja kwangu, nikamwambia kweli yote, tangu ukingo wa kitanda mpaka mlango wa Mwalimu. Nikamwambia asimpeleke. Nikamwambia amkalishe nyumbani, ampe mgongo, amsikilize.

Zawadi alinisikiliza akiwa ameshika mdomo. Nilipomaliza alikuwa ananihurumia.

"Huzuni imekuzidi, mama," akasema. "Muntu hawezi kushika Musahafu aseme uongo. Na sauti ile? Sote tulisikia." Akaniinukia kwa adabu, akanishika miguu, akaenda.

Ijumaa nilikwenda nyuma ya ua wa matete. Nilisimama katikati ya wanawake nikamwomba Mungu jambo moja, kwamba Kalume akwame. Atetemeke, augue, aangushe kitambaa, ashindwe kutamka hata Wallahi, watu wamcheke ikibidi. Niliomba hivyo kwa moyo wangu wote, na macho nimeyafumba.

Nikamsikia anaanza. Sauti yake ilikuwa safi kabisa, na wanawake walionizunguka wakapiga vigelegele.